Mashine zipo, tumefungiwa mlango tu

Leo nina la moyoni na nitalisema bila kuzunguka: chuo kinachowaambia wanafunzi wa mwaka wa mwisho "nunueni laptopu zenye nguvu", huku kompyuta zake zenye nguvu zinalala usiku kucha bila mtu, kinatukosea. Tena dawa yake haingoji bajeti. Ilikuwepo kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Hali ya hapa kwetu iko hivi. Maabara yetu ina mashine kubwa nne za Linux, zina RAM ya kutosha na diski pana, kwa ajili ya kazi za ramani na picha za satelaiti. Mchana zina vipindi. Saa kumi jioni mlango unapigwa kufuli. Ukimwuliza fundi wa maabara anakujibu, "Mdogo wangu, ufunguo hauko kwangu." Na kweli hauko kwake. Jengo la pili kuna chumba cha PC za zamani, zile za RAM ya GB 2, na chumba hicho kiko wazi mpaka saa nne usiku. Watu wanachapia ripoti tu pale. Na vyumba vyote viwili vimeunganishwa na mtandao wa ndani wa chuo.

Sasa naomba mtu anijibu: kwa nini nikikaa mbele ya PC kuukuu nisifungue programu ya ramani inayoendeshwa na mashine kubwa kulekule iliko, dirisha lake likatokea kwenye kioo changu?

Wala hii si ndoto. Mwaka 1984, pale MIT nchini Marekani, Bob Scheifler na Jim Gettys walianza kutengeneza mfumo wa madirisha unaoitwa X Window System. Chuo chao kilikuwa na mradi wa Athena, ulioanza 1983, wa kuwawekea wanafunzi kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao. Toleo la 11, yaani X11, lilitoka 1987, na mpaka leo programu nyingi za Linux zinaielewa lugha yake. Yaani kitu chenyewe kilizaliwa chuoni, kwenye shida za chuo. Sisi tuko chuoni na hatukitumii!

Kinafanyaje kazi? Programu inakimbia kule mbali, inakula RAM na prosesa ya kule. Ikitaka kuchora kitufe au mstari, inatuma maagizo kwenye mtandao. Kwenye PC yako kuna programu ndogo inayopokea maagizo hayo, inachora, halafu inarudisha kule kila unachobofya na kuandika. Kinachowachanganya watu ni majina. Hii ya mezani kwako ndiyo inaitwa seva, kwa sababu inahudumia kioo, kibodi na kipanya. Ile programu inayokimbia kwenye mashine kubwa ndiyo mteja. Ukishalizoea hilo, mengine ni mepesi.

Kwenye PC ya Windows unaweka VcXsrv na PuTTY, zote za bure. Unawasha VcXsrv, unaweka alama ya X11 kwenye PuTTY, unaingia kwenye mashine kubwa kwa jina lako na neno lako la siri, unaandika qgis, basi. Kama PC yenyewe ina Linux, unaandika ssh -X na anwani ya mashine, imekwisha.

Faida kubwa kwangu mimi ni data. Picha moja tu ya Landsat 8 inaweza kufika GB 1 ikiwa bado imebanwa, na utafiti wa kulinganisha miaka unataka picha kadhaa. Dada mmoja wa darasa letu alitoa karibu bumu lake lote la muhula akanunua laptopu ya mtumba. Akifungua picha ya pili, inaganda. Zimebaki wiki chache za kukabidhi kazi na anazunguka na fleshi kutafuta wa kumwazima mashine. Wakati picha hizohizo zimeshapakuliwa zamani, ziko kwenye diski za maabara! Kwa njia ninayoisema, picha hazitoki kule. Kinachosafiri ni dirisha tu, tena ndani ya mtandao wa chuo, hakuna bando linaloliwa.

Najua hoja za wakubwa. Ya kwanza ni usalama. Ni kweli, zamani maagizo ya X yalipita mtandaoni wazi wazi. Lakini mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Finland alitengeneza SSH, baada ya maneno ya siri kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake, na humo kila kitu kinapita kimefungwa. Kila mwanafunzi anapewa akaunti yake, na nani kaingia saa ngapi inaandikwa. Ufunguo wa mlango hauandiki chochote.

Ya pili ni umeme na mtandao kukatika. Hapa nakubali, X ina udhaifu. Ukikatika, programu inakufa na kazi ambayo hukuihifadhi inakwenda nayo. Pia ukiwa mbali, kwa intaneti ya kusuasua, inachosha, maana maagizo yanakwenda na kurudi mara nyingi mno. Programu za picha za pande tatu nazo zinasumbua. Lakini kuna VNC na X2Go. Hizo zinaiacha kazi yako ikiendelea kwenye mashine kubwa, PC yako ikizimika unarudi kesho unaikuta palepale. Ila mashine kubwa yenyewe iwe na umeme wa akiba, hilo lazima.

Ya tatu: mashine nne, watu wengi. Sawa, Linux inaruhusu watu kadhaa kuingia kwa pamoja, lakini RAM haiongezeki kwa kupenda. Tuwekeane zamu na kila mtu apewe kiwango chake. Zamu ya saa mbili usiku ni bora kuliko kufuli.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wafungue SSH kwenye mashine zile nne, ndani ya mtandao wa chuo tu. Watupe akaunti sisi wa mwaka wa mwisho. Waweke VcXsrv na PuTTY kwenye zile PC za jengo la pili. Tujaribu muhula mmoja. Ikiharibika kitu, wafunge.

Mwenye hela ataendelea kununua laptopu yake, hakuna anayemkataza. Lakini digrii ya mtu isiamuliwe na ukubwa wa RAM aliyoweza kuinunua, wakati RAM ya umma imelala gizani ng'ambo ya ukuta.

Nawasilisha. Wewe chuoni kwenu mnafanyaje?