USHURU GETINI IFAKARA, MSAMAHA MAWINGUNI!

NDUGU msomaji, ukipakia mchele wako Ifakara kuupeleka Dar, getini unadaiwa ushuru wa mazao. Huna stakabadhi? Gari halipiti. Lakini bwana mkubwa anayeruka kwenda ng'ambo anauziwa manukato na pombe kali humo humo ndani ya ndege, ushuru hakuna. Usikasirike kwanza, kuna makubwa zaidi.

Mashirika mengi ya ndege siku hizi hayaendeshi yenyewe biashara hiyo ya angani. Yanampa mzabuni. Mzabuni ananunua mzigo na kupanga vitoroli. Shirika linatoa ndege na wahudumu, kisha linakatiwa fungu la mauzo. Korean Air, ilipobanwa na korona mwaka 2020, iliuza upishi wake na duka lake la angani kwa kampuni ya Hahn & Company. Hapo hakuna ubaya. Ubaya ni mikataba ya gizani, na Korean Air hiyo hiyo inaijua: mwaka 2018 mwenyekiti wake, Cho Yang-ho, alishtakiwa kwa kuchomeka kampuni za familia yake katikati ya wauzaji na duka la ndege, zikila cha juu. Alifariki mwaka 2019.

Unasema hayo ni ya Wakorea? Njoo Kenya. Nasir Ibrahim Ali wa kampuni ya World Duty Free alipata maduka yasiyo na ushuru katika viwanja vya Nairobi na Mombasa mwaka 1989. Aliponyang'anywa akashtaki kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, na humo akaeleza kwa mdomo wake kwamba Rais Moi alipewa dola milioni 2. Alisema aliingia na mkoba wa fedha, akatoka akakuta umejazwa mahindi mabichi. Mahindi, msomaji! Mwaka 2006 baraza likatupa madai yake: mkataba wa rushwa haulindwi. Serikali ya Kenya ikashinda kesi kwa hoja kwamba rais wake alihongwa, na mzee Moi akaishi raha mustarehe hadi mwaka 2020.

Zanzibar nako, mwaka 2022, jengo la tatu la uwanja wa ndege lilikabidhiwa makampuni ya Dubai: mizigo Dnata, maduka Emirates Leisure Retail. Kelele zikapigwa, vigogo wakaziba masikio.

Sasa ATCL. Ndege zake zimenunuliwa kwa kodi ya mlalahoi, hata ya bodaboda wa Kibaoni anayejaza petroli lita moja. CAG alisema mwaka 2023/24 shirika lilipata hasara ya shilingi bilioni 91.8. Siku kitoroli chake kitakapopewa mzabuni, tunataka zabuni itangazwe gazetini, wenye kampuni watajwe kwa majina, fungu la shirika lijulikane na CAG alikague.

Tena mkataba useme nini kitauzwa. Kakao ya Mbingu, ikishachachushwa na kukaushwa na Kokoa Kamili hapo hapo bondeni, inakwenda kutengenezwa chokoleti za bei mbaya Marekani na Ulaya. Kwa nini abiria wa ndege yetu auziwe chokoleti ya Uswisi tu? Mbunge wetu anayo nafasi ya kuuliza swali hilo Dodoma. Tunamsubiri.