Kiwanda Kikiokolewa, Nani Analipa?

Mwezi wa Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka yake nasi ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, baada ya serikali ya Kongo kuzuia bia na vinywaji baridi vya nje ili viwanda vya nyumbani vipate kupumua. Zilipita siku chache tu, kisha njia ikafunguliwa. Lakini katika siku hizo walikwama watu wasio na hisa katika kiwanda chochote: madereva wa malori ya shaba, wapakiaji, akina mama wanaovusha bidhaa kidogo kidogo, vijana wa baiskeli wanaobeba mizigo ya wengine. Hao walilipia msaada huo kwa viwanda, ambao hawakuuomba wala hawakuupata. Nasema hiyo si haki, na haitakuwa haki hadi anayelipa aambiwe analipa kiasi gani, kwa muda gani, na yeye atapata nini.

Wako watakaonijibu kwamba kiwanda kikifa, hafi peke yake mwenye kiwanda. Ni kweli, na Katanga inalijua hilo kuliko wengi. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali iliyozaliwa baada ya Union Minière kutaifishwa mwaka 1967, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Ilikuwa na shule zake na hospitali zake. Ilipoanguka katika miaka ya 1990, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ziliumia hata katika nyumba ambamo hakuna aliyewahi kushuka mgodini, kwa maana mfanyakazi asiyelipwa hanunui unga sokoni. Mwaka 2003, kwa fedha za Banki ya Dunia, wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 walipewa malipo ya kuondoka. Muuza unga aliyekuwa akiwakopesha hakuwa katika orodha ile. Basi hasara hugawiwa wote, lakini msaada huwafikia walioandikwa tu. Kwa hiyo sipingi kuokoa. Napinga kuokoa kwa mlango mmoja.

Tena msaada wa kuzuia bidhaa mpakani una ubaya wake wa pekee: hauandikwi katika bajeti. Marekani ilipoidhinisha dola bilioni 700 mwaka 2008 kuokoa mabenki, sheria ilipita bungeni, na serikali ikachukua hisa. Ilipouza hisa zake za mwisho za General Motors, kampuni ya magari iliyosaidiwa kwa fedha hizo, mwaka 2013, kila raia aliweza kusoma kwamba hazina imepoteza zaidi ya dola bilioni 10. Hasara ilikuwa kubwa, lakini ilijulikana. Huku kwetu mnunuzi hulipa chupa kwa chupa, mchuuzi hulipa kwa siku alizokaa bila kazi, na hakuna daftari linalojumlisha. Wanasema marufuku huwa ya muda. Muda pekee hautoshi, kama kiwanda hakikuahidi bei wala ajira katika muda huo.

Waheshimiwa wabunge wa Haut-Katanga, kabla ya marufuku nyingine, kidaini kiwanda kinachoomba ulinzi ahadi ya maandishi juu ya bei na ajira, ibandikwe hadharani penye duane ya Kasumbalesa, na mwaka ukiisha waiteni wachuuzi wawaeleze kama ilitimizwa.