UCHAMBUZI: Kamera ya lenzi ndefu isinunuliwe kwa kuhesabu 'mara' zilizoandikwa kwenye kasha

JUMAMOSI moja alasiri, binti wa jirani yangu hapa mtaani Hurlingham, Nairobi, alibisha mlango akiwa na karatasi ya matangazo mkononi. Amehitimu chuo kikuu, hajapata ajira, na kwa miaka miwili amekuwa akiweka akiba kutokana na vibarua vya hapa na pale. Alikuwa na Sh50,000. Alitaka kununua kamera ya dijitali yenye lenzi ndefu ili apige picha za ndege na wanyama, aziuzie kampuni za utalii na, Mungu akijalia, magazeti.

"Mzee, hii ni ya mara 50 na hii ni ya mara 60," aliniambia. "Ya mara 60 si ndiyo bora?"

Hilo ndilo swali la kila mwanagenzi anayeingia katika maduka ya vifaa vya elektroniki jijini. Nami, ambaye kwa zaidi ya miongo miwili nimekula mkate wangu kwa kuhariri habari na kuchagua picha za kuandamana nazo, sikuweza kumjibu kwa neno moja. Jibu la mkato lingeweza kumpotezea akiba yake yote.

Tuanze na nambari yenyewe. 'Mara' zinazoandikwa kwenye kasha ni matokeo ya hesabu ya kugawanya: urefu wa lenzi inapovutwa hadi mwisho unagawanywa kwa urefu wake kabla ya kuvutwa. Urefu huu hupimwa kwa milimita, na hutajwa kwa kulinganishwa na kamera za zamani za filamu ya milimita 35 ili mnunuzi awe na kipimo kimoja cha kamera zote. Kwa hivyo, nambari hiyo haikwambii lenzi inafika wapi. Inakwambia tofauti iliyopo kati ya mwanzo na mwisho wake.

Chukua mfano wa kamera mbili. Canon PowerShot SX50 HS, iliyotoka mwaka wa 2012, ni ya mara 50 kwa sababu lenzi yake huanzia milimita 24 na kuishia 1,200. Panasonic Lumix FZ82, iliyotoka mwaka wa 2017, ni ya mara 60 kwa sababu huanzia milimita 20 na kuishia 1,200 vilevile. Zote mbili huishia mahali pamoja. Faida ya ile ya mara 60 iko mwanzoni mwa lenzi: inameza eneo pana zaidi unapopiga picha ya umati, chumba au jengo lililo karibu. Hiyo ni faida, ila si ile aliyodhani binti huyu.

Je, milimita 1,200 zinatosha? Kwa urefu huo, picha hubeba upana wa takriban mita tatu wa kitu kilicho umbali wa mita 100. Kwarara, yule ndege wa mdomo mrefu ambaye kelele zake huwaamsha wakazi wa Hurlingham na Kilimani alfajiri, ana urefu wa takriban sentimita 70. Akiwa umbali wa mita 30, anakaribia kujaza picha nzima. Mwanagenzi anayeanzia katika bustani ya Arboretum au Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi hana haja ya zaidi ya hapo.

Zipo zinazofika mbali zaidi. Nikon Coolpix P900 ya mwaka wa 2015 hufika milimita 2,000, nayo P1000 ya mwaka wa 2018 hufika 3,000. Lakini hiyo P1000 ina uzani wa takriban kilo 1.4, na lenzi yake inapovutwa hadi mwisho tundu lake ni 8, ilhali la FZ82 ni 5.9. Katika lugha ya wapigapicha, kadiri nambari hiyo inavyoongezeka ndivyo nuru inavyopungua. Kwa hesabu, P1000 hubakia na nusu hivi ya nuru ambayo FZ82 huipokea kila moja inapofika mwisho wake.

Na nuru ndiyo bei halisi ya lenzi ndefu. Kamera hizi huuzwa kwa bei nafuu kwa sababu kihisi chake, yaani kile kipande kinachopokea nuru badala ya filamu, ni kidogo mno: takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Kihisi kidogo hukubali lenzi ndogo, na lenzi ndogo huwa rahisi. Kamera za kubadilisha lenzi zilizo nyingi zina kihisi chenye eneo la zaidi ya mara 11 ya hilo, lakini lenzi pekee ya kukaribia urefu huo, ikiwa mpya, hugharimu zaidi ya maradufu ya akiba ya binti huyu.

Athari yake huonekana wazi hapa Nairobi. Kati ya Juni na Agosti mawingu hulifunika jiji kwa siku nyingi mfululizo. Kihisi kidogo kikinyimwa nuru, kamera hulazimika kuongeza kiwango cha ISO, na picha hujaa chembechembe kama mchanga, manyoya ya ndege yakawa kama yamepakwa rangi kwa brashi. Jua likiwa kali adhuhuri, huzuka tatizo jingine: joto linalopanda kutoka ardhini hutikisa hewa, na mnyama aliye mbali huonekana kama aliye ndani ya maji. Hakuna lenzi inayotibu hilo. Dawa ni kuamka mapema na kufanya kazi kati ya saa moja na saa tatu asubuhi.

Kuna mtego mwingine ambao nami niliwahi kunaswa nao. Kamera yangu ya kwanza ya dijitali niliinunua kwa sababu kasha lake lilitangaza mara 40. Nilipofika nyumbani na kusoma maandishi madogo, niligundua kwamba lenzi yenyewe ilikuwa ya mara 10, na zile nyingine zilipatikana kwa programu ya ndani kukata kipande cha katikati cha picha na kukitanua mara nne. Huko si kukaribia kitu. Ni sawa na kukata picha ya gazeti kwa makasi kisha kuitazama kwa kioo cha kukuza.

Mchezo huo haujaisha, umehamia kwenye simu za rununu. Mwaka wa 2020 Samsung iliuza simu yake ya Galaxy S20 Ultra kwa sifa ya mara 100, ingawa lenzi zake zenyewe hazikufika hata mara 10. Kila juma hupokea mezani picha za namna hiyo kutoka kwa vijana wenye bidii: mchezaji asiye na uso, mwanasiasa jukwaani aliye kama doa. Mnunuzi na aulize swali moja tu: mara ngapi ni za lenzi, na mara ngapi ni za programu?

Huenda msomaji akashangaa kwa nini tunajadili kamera katika enzi ya simu. Sababu ni kwamba soko limegeuka, na mgeuko huo unamuumiza mnunuzi wa kipato cha chini. Kwa mujibu wa takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, kampuni wanachama zilisafirisha zaidi ya kamera milioni 120 mwaka wa 2010. Kufikia mwaka wa 2020 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi chini ya milioni tisa. Simu ndizo zilizoua kamera ndogo, na watengenezaji wakakimbilia zile ghali zenye faida kubwa.

Kamera za lenzi ndefu za bei nafuu zilibakia chache, na hata zinazoitwa mpya mara nyingi hubeba lenzi za zamani. Panasonic ilipotoa FZ82D mwaka wa 2024, iliboresha kitundu cha kuchungulia na kuweka mlango mpya wa chaja, lakini lenzi ilibaki na urefu uleule wa FZ82. Nikon nayo ilipotoa P1100 mwaka wa 2025, ilidumisha milimita zilezile 3,000 za P1000. Kwa mwenye fedha kidogo, hii ni habari njema: toleo lililotangulia, likiwa zima, humfikisha palepale.

Shilingi nayo ina neno lake. FZ82, ambayo Marekani huitwa FZ80, ilizinduliwa huko kwa takriban Dola 400. Mwaka wa 2017, dola ikiwa karibu Sh103, hizo zilikuwa kama Sh41,000. Mapema mwaka wa 2024 dola ilipopanda kupita Sh160, dola zizo hizo 400 zilizidi Sh64,000. Baadaye mwaka huo shilingi ilipata nafuu na dola ikatulia karibu na Sh129, sawa na Sh51,600. Hapo hujaweka nauli, ada za uagizaji na ushuru wa VAT wa asilimia 16. Ndiyo maana wengi huishia kununua zilizotumika.

Kununua kilichotumika si dhambi, mradi mtu afungue macho. Iombe kamera uishike, uivute lenzi hadi mwisho na kuirudisha mara kadhaa. Ikikwaruza au kusita, iache, kwani vumbi likiingia ndani ya lenzi isiyotoka huwa vigumu kulitoa. Piga picha ya ukuta mweupe au anga, uikuze kwenye skrini utafute madoa. Toka nje ya duka na ulenge maandishi ya kibao kilicho ng'ambo ya barabara, kwanza ukiegemea nguzo, kisha ukisimama huru. Tofauti ya picha hizo mbili itakufunza kazi ya kile kifaa cha kuzuia mtikisiko, na pia mipaka yake: hutuliza mkono wako, hakimtulizi ndege.

Hakikisha pia kamera ina kitundu cha kuchungulia. Baadhi ya zile za bei ya chini zaidi hazina, na chini ya jua la ikweta skrini ya nyuma haisomeki. Isitoshe, kamera iliyobanwa jichoni hutikisika kidogo kuliko ile iliyonyoshewa mikono. Mwisho, dai risiti yenye nambari ya kamera ili usije ukajikuta umenunua mali ya wizi, na uliza waranti ni ya nani: ya mtengenezaji au ya mwenye duka. Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012, lakini asiye na risiti atadai nini?

Usimalize fedha zote kwenye kamera. Betri moja ya kamera hizi hudumu kwa takriban picha 300, na asubuhi moja mbugani hazitoshi. Betri ya pili, kadi ya kumbukumbu iliyo halisi na mfuko wa kuzuia vumbi na mvua ni sehemu ya bei, wala si mapambo.

Lipo jambo ambalo hakuna muuzaji anayelitaja. Hurlingham ya leo si ile ya nyumba za chini zilizozungukwa na miti. Ghorofa zimesimama bega kwa bega, roshani inatazamana na roshani. Kamera inayoona jicho la kwarara mtini huona pia kilicho mezani kwa jirani. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 imekwisha kuonyesha meno. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data alitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja jijini Sh1.85 milioni kwa kutumia picha ya mteja bila ridhaa yake. Anayetaka kuuza picha na aanze na ndege na wanyama, na akipiga binadamu, aombe ruhusa.

Mohamed Amin, mwanahabari mzaliwa wa Nairobi aliyefariki mwaka wa 1996, aliutikisa ulimwengu mnamo Oktoba 1984 kwa picha za baa la njaa la Korem, Ethiopia. Picha zile zilipatikana kwa sababu alifika Korem na kusimama karibu na watu waliokuwa wakifa njaa. Lenzi ndefu ni msaada pale miguu isipoweza au isiporuhusiwa kufika. Kwingineko, hatua kumi za mbele ni bora kuliko mara kumi za lenzi, nazo hazilipiwi ushuru.

Binti wa jirani hakununua siku hiyo. Alirudi dukani mara mbili, akakataa kamera moja iliyokuwa na doa, na hatimaye akachukua iliyotumika inayofika milimita 1,200, pamoja na risiti na betri ya ziada. Fedha kidogo zilibaki. Wiki iliyofuata alinionyesha kwenye tarakilishi picha ya tumbili na mwanawe, iliyopigwa Arboretum saa moja na nusu asubuhi. Haikuwa kamilifu, lakini ilikuwa na jicho angavu na nuru safi. Picha ya namna hiyo ningeipa nafasi ukurasani.

Wenye fedha nyingi wanaweza kukosea na kununua tena. Mwenye Sh50,000 hana nafasi ya pili. Ndiyo maana anayekwenda dukani anafaa kusahau nambari kubwa iliyo kwenye kasha na kuuliza mambo manne: lenzi inaishia milimita ngapi, inapokea nuru kiasi gani ikifika hapo, ina kitundu cha kuchungulia, na nani ataitengeneza ikiharibika. Muuzaji asiyeweza kuyajibu hayo hastahili akiba ya mtu ya miaka miwili.