Mbavu za ng'ombe na kuran

Vijana wananiuliza: ile mashini ya kukaanga kwa hewa ya moto inaivisha mbavu? Inaivisha, lakini usitie mbichi. Nyama ya mwisho wa mwezi utaiharibu! Mbavu iko na mishipa migumu, inalainika polepole tu. Chemsha kwanza juu ya mbabula, muda wa saa mbili, na chumvi, kitunguu, tangawizi, mpaka nyama ianze kuachana na mfupa. Kisha uipanguse maji, paka mafuta na pilipili, weka ndani dakika 12 hivi kwa digri 200, ugeuze mara moja.

Mashini hizo nyingi zinakula wati 1500 hivi, na kuran yetu hapa Makiso mnaijua wenyewe. Ikikatika, malizia juu ya makala. Supu wape watoto na lituma.