Burudani ya Mikono Isifungiwe Chumbani

Mtu mzima anayeketi jioni akibandika mabawa ya ndege ya plastiki yenye urefu wa kiganja huonekana na wengi kuwa amerudi utotoni. Jamii humvumilia anayetazama mpira kwa saa nne mfululizo, lakini humcheka anayetumia saa hizo hizo kusugua kipande cha mbao kwa msasa hadi kipate umbo la ngalawa. Hukumu hiyo haina haki. Uundaji wa modeli, yaani kutengeneza kwa skeli ndogo mfano sahihi wa ndege, chombo cha baharini, gari au jengo, ni burudani yenye faida kwa akili, kwa mikono na kwa afya. Hata hivyo, sehemu kubwa ya faida hiyo hupatikana pale burudani yenyewe inaposhirikishwa na wengine. Anayejifungia nayo chumbani hujinyima nusu ya tija yake, na wengine huwanyima yote.

Historia ya tiba ina ushahidi ulio wazi. Mnamo Desemba 1960, Theo, mtoto wa miezi minne wa mwandishi Roald Dahl, aligongwa na teksi jijini New York akiwa katika kigari chake cha kusukumwa. Fuvu lilijeruhiwa vibaya, na baadaye maji yanayozunguka ubongo yakaanza kujikusanya ndani ya kichwa. Hali hiyo ndiyo ijulikanayo Afrika Mashariki kwa jina la kichwa kikubwa. Madaktari walimwekea mrija wa kuyaondoa maji hayo, wenye vali ya kuyaruhusu yapite upande mmoja tu. Vali ikawa inaziba mara kwa mara. Kila ilipoziba, shinikizo lilipanda kichwani, mtoto akapoteza uwezo wa kuona kwa muda, naye akarejeshwa katika chumba cha upasuaji.

Baba yake hakuwa mgeni kabisa katika nchi za Waswahili. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Dahl alifanya kazi na kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam, akajifunza Kiswahili, kisha mwaka 1939 akajiunga na jeshi la anga la Uingereza mjini Nairobi, ambako alifunzwa urubani. Miaka mingi baada ya vita alikuwa bado anavutiwa na ndege, safari hii zile za mfano. Ni kupitia burudani hiyo alimfahamu Stanley Wade, mhandisi wa mitambo inayoendeshwa kwa vimiminika, aliyekuwa na ustadi wa kuunda injini ndogo za ndege za mfano na pampu za kuzilisha mafuta. Injini ya aina hiyo hunywa mafuta machache mno kupitia njia nyembamba, na chembe moja ya uchafu yatosha kuizima ikiwa angani. Mtu aliyezoea kupambana na tatizo hilo kwa starehe yake mwenyewe alikuwa, bila kujua, amejiandaa kwa tatizo la Theo.

Dahl alimkutanisha Wade na Kenneth Till, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London. Till alieleza kwamba vali za wakati ule zilikuwa na mwanya mwembamba ulioweza kuzibwa na mabaki ya damu na tishu. Wade akabuni vali yenye visahani vidogo vya chuma vinavyosogea ndani ya nyumba yake: maji yanaposukuma kutoka ubongoni visahani hufungua njia, na yanapotaka kurudi nyuma huifunga. Ilianza kutumika mwaka 1962, na Till akaitangaza katika jarida la The Lancet mwaka 1964. Kufikia hapo Theo alikuwa amepata nafuu, wala hakuihitaji tena. Watu hao watatu walikubaliana wasijipatie faida yoyote ya fedha. Watoto karibu 3,000 katika nchi mbalimbali waliwekewa vali hiyo kabla haijapitwa na vifaa vipya.

Ingekuwa upotoshaji kudai kwamba kila anayerusha ndege za mfano atavumbua kifaa cha tiba. Funzo la kisa hiki ni dogo zaidi, na lina uhakika zaidi. Ustadi wa Wade ungeweza kubaki katika karakana yake hadi mwisho wa maisha yake. Ulitoka kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine aliyeipenda kazi ile ile, aliyejua Wade anaweza nini, na aliyekuwa na uhuru wa kumwomba msaada. Mwandishi, mhandisi na mpasuaji hawakutani kwa urahisi katika shughuli zao za kazi. Burudani iliwapa wawili kati yao mahali pa kukutana, na haja ya mtoto ikamleta wa tatu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Faida ya kawaida, ile isiyoingia katika vitabu vya historia, nayo isidharauliwe. Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilichapisha uchambuzi wa takwimu za watu 93,263 wenye umri wa miaka 65 na zaidi katika nchi 16. Wenye burudani ya kudumu walikuwa na dalili chache za sonona, na waliripoti afya bora na furaha zaidi kuliko wasio nayo. Uchambuzi wa aina hiyo hauthibitishi kwamba burudani ndiyo chanzo cha afya, kwa kuwa mwenye afya njema huweza pia kuwa na nguvu zaidi za kujiburudisha. Aidha, hapakuwa na nchi ya Afrika kati ya hizo 16. Pamoja na mipaka hiyo, mwelekeo ulifanana katika jamii zilizo mbali sana, tangu Japani hadi Marekani, na daktari mwenye busara hawezi kuupuuza.

Jambo la pili ni upweke. Katika ripoti ya mwaka 2025 ya tume yake ya mahusiano ya kijamii, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani huathiriwa na upweke, na kwamba upweke huhusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Mstaafu aliyeondoka ofisini ameachana pia na watu aliokuwa akisalimiana nao kila asubuhi. Kumwambia ajichanganye na watu ni ushauri mzuri usio na pa kuanzia. Kumpa kijana wa kumfundisha namna ya kuchonga mkuku wa jahazi ni kumpa sababu ya kuamka. Wanaume wengi, hasa wazee, huona vigumu kuketi uso kwa uso na kuanza kueleza yaliyo moyoni. Mikono inaposhughulika na macho yakawa kwenye kazi, maneno hutoka yenyewe. Huko Australia, karakana za kijamii za wanaume, zilizoanza kuenea tangu miaka ya 1990, zimejengwa juu ya ukweli huo.

Jambo la tatu huwagusa moja kwa moja wanafunzi wa tiba. Mwaka 2018, Roger Kneebone, profesa wa elimu ya upasuaji katika Imperial College London, alionya hadharani kwamba vijana huingia katika masomo ya udaktari wakiwa na alama za juu lakini mikono isiyozoea kukata, kushona wala kutengeneza kitu. Kioo cha simu hakifundishi uzito, ukinzani wala subira. Kijana aliyewahi kuharibu bawa la ndege ya mfano kwa kubonyeza kupita kiasi amejifunza nguvu ya vidole vyake mahali ambapo kosa halimuumizi mtu.

Pingamizi linalosikika mara nyingi ni kwamba hii ni anasa ya wageni. Ni kweli kwamba maboksi ya modeli za plastiki kutoka Uingereza na Japani yana bei ambayo familia nyingi hazina. Lakini uundaji wa modeli haukuletwa Afrika Mashariki na maboksi hayo. Watoto wa vijijini na mitaani wameunda magari ya waya yenye usukani, wakayatia magurudumu ya ndala zilizochakaa. Watoto wa pwani wamechonga vijahazi na vingalawa vyenye matanga ya mifuko ya plastiki na kuvishindanisha majini. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kuuheshimu ustadi huo na kuusogeza hatua moja mbele, tangu mfano wa kukisia hadi mfano wa kupima.

Hatua hiyo moja ina elimu nyingi. Ngalawa yenye urefu wa mita 6 ikiundwa kwa skeli ya 1 kwa 20 huwa na urefu wa sentimita 30. Mtoto hugundua kwamba urefu umepungua mara 20, lakini eneo la tanga limepungua mara 400, na ujazo wa chombo mara 8,000. Akiitia majini huona inavyopinduliwa kwa upepo mwepesi, kwa sababu uzito wake umepungua kuliko tanga lake, na hulazimika kuiongezea uzito chini. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima: ngozi yake ni kubwa ikilinganishwa na ujazo wa mwili wake. Mwalimu akiianzia kanuni hii kwenye ngalawa, somo la kumfunika mtoto mchanga na kumweka kifuani mwa mama huwa limeshapata mizizi.

Kushirikisha kuna adabu zake. Anayefundisha asinyang'anye kazi mikononi mwa anayejifunza kwa kuwa anaiona inapinda. Modeli ya kwanza ni halali iharibike. Mzee anayetetemeka mikono apewe sehemu kubwa za kupaka rangi, na mwenye macho makali ashike vipande vidogo. Mashindano yasipewe nafasi ya kwanza, maana humfukuza anayeanza, na huyo ndiye anayehitajika zaidi.

Usalama nao ushirikishwe tangu siku ya kwanza. Gundi nyingi za plastiki na rangi za kupuliza zina viyeyusho ambavyo mvuke wake huleta maumivu ya kichwa na kizunguzungu, na kwa anayeuvuta kwa muda mrefu hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Kunusa gundi kwa makusudi huweza kuusimamisha moyo ghafla. Kwa hiyo kazi ifanywe kwenye madirisha wazi au nje, na gundi itunzwe na mtu mzima. Vumbi la msasa lizuiwe kwa barakoa. Wembe ukate kuelekea mbali na vidole. Supa gluu ikinatisha vidole, maji ya vuguvugu yenye sabuni pamoja na subira huwa vyatosha. Ikiingia jichoni, kope zisivutwe kwa nguvu, bali jicho lioshwe kwa maji mengi na mgonjwa apelekwe hospitali. Betri bapa mfano wa kifungo zisiachwe karibu na watoto wadogo, kwani moja ikimezwa na kukwama huweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Hiyo ni dharura isiyongoja asubuhi.

Vyuo vya tiba, shule na vituo vya afya havihitaji bajeti mpya ili kuanza. Vinahitaji meza moja, alasiri moja kwa juma, kadibodi, waya, mbao laini, rula na mzee mmoja fundi aliyealikwa kwa heshima. Mwanafunzi wa udaktari akae hapo pamoja na mstaafu, na mtoto wa jirani asifukuzwe. Wizara na wakuu wa vyuo huzungumza mara kwa mara kuhusu afya ya akili ya wanafunzi na wazee. Meza hiyo ni namna rahisi ya kuyatimiza maneno yao. Wenye ustadi uliofichwa majumbani nao wana wajibu: waitoe modeli kabatini, waiweke palipo na watu, na wamwachie wa kwanza atakayeuliza aishike kwa mikono yake.