Mazungumzo ya Mwalimu: Je, Kilatini Kitamlisha Mtoto Wangu?



Juma lililopita baba mmoja wa parokia yetu alinijia nyumbani baada ya sala ya jioni. Kijana wake amemaliza masomo ya sekondari, naye anataka kuingia Chuo Kikuu ili asome Kilatini na Kigiriki, pamoja na historia na desturi za watu wa kale waliosema lugha hizo. Baba yule aliniambia kwa uchungu: «Mwalimu, niliuza mbuzi wangu wote na baiskeli yangu ili mtoto awe mganga au mwanasheria. Sasa anataka lugha za watu waliokufa. Je, wafu watamlisha?»

Sikumcheka, maana hilo ni neno la mzazi aliyejinyima. Tulizungumza hata usiku, na leo napenda kuwaandikia ninyi nyote niliyomwambia, kwa kuwa najua wengi wanaliuliza swali hilo kimoyomoyo.

Kwanza, wafu hao hawako mbali nasi. Askofu, Injili, falsafa, kalamu: maneno hayo tuliyapokea kwa Waarabu, lakini Waarabu nao waliyapata kutoka Kigiriki. Askofu maana yake ni mwangalizi. Injili ni habari njema. Hata sabuni ya kufulia nguo zetu ina jina lililotoka Kilatini. Na Agano Jipya lote liliandikwa kwa Kigiriki. Mwenye kulitafsiri kutoka Kifaransa peke yake huteka maji ya mto mbali na chemchemi. Je, siku zote tuwaombe wageni watutekee?

Pili, mtoto wetu haendi mikono mitupu. Tazameni neno la Kilatini amabimus. Mfaransa huhitaji maneno mawili, nous aimerons. Sisi twasema neno moja tu, tutapenda. Kwetu tu- na -ta- hutangulia. Kwa Warumi -bi- huonyesha wakati ujao, na -mus, yaani sisi, hufunga neno. Tena twasema: kiti kizuri, viti vizuri. Kilatini nacho huilazimisha sifa ifuatane na jina lake. Nilipokuwa seminarini nilikariri miisho ile kama kasuku, wala hakuna aliyetuonyesha kwamba lugha za mama zetu zina kanuni kama hizo. Nikadhani kwamba Kilatini kina sheria, na lugha yetu haina. Nilipotambua kosa langu nilikuwa mtu mzima tayari, nikafurahi na kuona haya pamoja.

Tatu, Kilatini si mali ya Wazungu peke yao. Tertuliano wa Karthago, katika Afrika ya Kaskazini, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika mafundisho ya Kikristo kwa lugha hiyo, karibu na mwaka 200. Mtakatifu Agostino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Enyi wanafunzi, mjue kwamba yeye mwenyewe asimulia katika Maungamo yake jinsi alivyochukia Kigiriki utotoni, kwa sababu walimu walimfundisha kwa fimbo na vitisho.

Lakini sitaki kuwadanganya. Elimu hiyo ni kama kisu, humtumikia aliyekishika. Katika karne ya 18 watoto wawili wa Afrika ya Magharibi walipelekwa Ulaya, wakasoma, wakaandika Kilatini safi. Mmoja, Anton Wilhelm Amo, mwaka 1729 huko Halle alitetea haki za watu weusi waliokaa Ulaya. Mwingine, Jacobus Capitein, aliyekuwa amefanywa mtumwa tangu utoto, mwaka 1742 huko Leiden alisimama mbele ya wakubwa akasema ya kwamba utumwa haupingani na uhuru wa Kikristo. Lugha ilikuwa moja. Mmoja aliitumia kwa ajili ya ndugu zake. Mwingine aliwapa mabwana maneno waliyotamani kuyasikia.

Twaona mfano mwema hapa kwetu. Valentin Mudimbe alizaliwa mwaka 1941 huko Jadotville, ndio Likasi ya leo, akafariki mwaka 2025. Alilelewa na Wabenedikto, akasoma Lovanium, chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1954 karibu na mji uitwao leo Kinshasa, kisha akapata udaktari huko Louvain mwaka 1970. Akiwa na Kigiriki na Kilatini mkononi, katika kitabu chake cha mwaka 1994 aliwarudia waandishi wa kale kama Herodoto, ili aone jinsi wageni walivyoichora Afrika tangu zamani. Hakungoja aambiwe na mwingine yaliyoandikwa. Aliyasoma mwenyewe, akayapima.

Basi, baba yangu, nakujibu waziwazi. Mtoto wako hatatajirika. Nafasi za kazi ni chache: kufundisha, kutafsiri, kutunza na kuchunguza maandiko ya zamani. Kwa hiyo mwulize mambo matatu. Je, anapenda kazi yenyewe, saa nzima na kamusi kwa mistari michache, au anapenda sifa tu? Je, yu tayari kuchukua pamoja nayo diploma ya ualimu, ili apate chakula? Na je, akirudi nyumbani atasema na bibi yake kwa lugha ya bibi yake bila kuona haya? Akikosa jibu la swali hili la tatu, afadhali mbuzi wangebaki zizini.

Baba yule alinyamaza kitambo, akashika kofia yake, akasema: «Mwalimu, nimegombana naye mwezi mzima, wala sijamwuliza neno hata moja.» Akaenda zake kumwamsha kijana.

Wazazi wapenzi, tuwaulize watoto wetu kabla ya kuwahukumu. Mungu awape wao moyo wa kujua, na sisi masikio ya kusikia.

Mwalimu wenu