Makuti ya mitende yasiishie jaani, wala yote yasiishie motoni

Tuulizane, jamaa: makuti ya mitende yakishakatwa hapa Oman yanakwenda wapi? Mengine yanachomwa hapo hapo shambani, mengine yanapakiwa kwenye lori mpaka jaani. Moshi wa mabiwi tunauvuta sisi na watoto wetu. Na majani mabichi na makombo ya chakula yakifukiwa jaani bila hewa, yanaoza na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 inapasha dunia joto takriban mara 28 kuliko uzito ule ule wa kaboni dioksidi.

Ndiyo maana naunga mkono kugeuza taka hizi kuwa nishati. Sharjah walifungua mtambo mwaka 2022, unaochoma taka zisizoweza kutumika tena na kutoa umeme wa megawati 30 hivi. Kwetu Tanga walikuwa wamekwishatangulia: pale Hale, makapi ya mkonge yalitiwa kwenye tangi yakatoa gesi ya kuendeshea jenereta. Jani la mkonge, nyuzi zake ni kama asilimia 4 tu. Mengine yote yalikuwa yakitupwa.

Lakini tusilewe na neno "kijani". Tangi linalovuja methani linaharibu kile kile lilichokuja kutengeneza. Kuti kavu nalo ni gumu, bakteria hawaliwezi upesi. Kubwa zaidi ni ardhi. Mchanga wa huku ni maskini wa rutuba. Tukizoa kila jani tukalipeleka tanurini, mtende utakula nini? Tutarudi dukani kununua mbolea ya viwandani, ambayo nayo hutengenezwa kwa gesi asilia. Hapo tumeokoa nini?

Msimamo wangu ni huu: kila taka na mahali pake. Makombo ya jikoni, samadi na majani laini yaende kwenye gesi, na tope linalobaki lirudi shambani, maana naitrojeni yake bado imo. Makuti yasagwe kwanza yawe mboji. Ziada ndiyo iende kwenye tanuri lenye chujio la moshi.

Na nyinyi mnaojenga nyumbani, Unguja, Pemba au Mombasa: mwenye ng'ombe wawili watatu uani, achimbe shimo la bayogesi kabla ya kufikiria geti la chuma. Mama atapika bila moshi wa kuni, na migomba itapata mbolea.